Mpango wa maafa wa mtaa, Tanga: je, tuandike kabila la mkazi, au kuna njia nyingine ya kutomruka mtu?

Mjumbe wa Bondeni (Tanga) anauliza:

Assalaam aleikum, na salamu kwa wanajukwaa wote.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya maafa ya mtaa mmoja wa Jiji la Tanga, ulio upande wa bondeni, ambako masika yakikolea maji ya mitaa ya juu hujikusanya kwetu kabla hayajapata njia ya kuelekea baharini. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa, na kamati yetu sasa inaandaa mpango wake: nani apewe taarifa kwanza, nani asaidiwe kuhama, watu wapelekwe wapi, na misaada ikija igawiwe kwa orodha gani. Hiyo orodha ndiyo iliyotugawa.

Katika mafuriko yaliyopita orodha iliandikwa kama inavyoandikwa siku zote. Mjumbe alipita nyumba kwa nyumba na kaunta buku mkononi, akauliza mwenye nyumba ni nani, akaandika jina moja. Wenyeji wa Tanga mnazijua nyumba zetu: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, kisha uani kuna banda la vyumba vingine vitatu au vinne, jiko na choo. Vyumba vya mbele hukaa wenye nyumba wenyewe au mpangaji mwenye kipato cha uhakika. Vya uani, ambavyo sakafu yake iko chini na kodi yake ni nafuu, hukaa mama lishe na watoto wake, kijana wa bodaboda, kibarua wa bandarini, mtu aliyekuja kutafuta maisha kutoka Kigoma au Mtwara. Maji yaliingilia uani. Niliona godoro la mama mmoja likielea kati ya ndoo na masufuria, huku ukumbini bado pakavu. Unga, maharage na mablanketi yalipokuja, ugawaji ulifuata majina ya daftari, na jina lililokuwemo ni la mwenye nyumba. Baadhi ya wenye nyumba waligawana na wapangaji wao kwa haki, Mwenyezi Mungu awalipe. Wengine walisema kwamba wapangaji wana kwao, na wakirudi kwao watasaidiwa huko.

Ndipo wajumbe wawili walipopendekeza daftari jipya liwe na safu ya kabila, ili ionekane wazi kama wasiokuwa Wadigo, Wabondei, Wasambaa au Wasegeju wanarukwa. Sisi wengine tulishtuka, kwa sababu nchi hii haijauliza kabila katika sensa tangu ile ya mwaka 1967, na hatukuona busara kamati ya mtaa ianzishe upya jambo ambalo taifa liliamua kuliacha. Lakini wenzetu nao wana hoja, kwa kuwa malalamiko ya kurukwa ni ya kweli.

Tena si suala la wapangaji peke yao. Kuna mlinzi wa Kimaasai ambaye hulala getini pa nyumba anayoilinda na haandikwi popote, si kwa tajiri wake wala kwa balozi. Kuna mjane aliyekuwa ndani ya eda, ambaye alikataa katakata kutoka nje hadi maji yalipomfika magotini. Kuna wazee waliosema hawatakwenda kulala darasani, wanawake na wanaume chumba kimoja, ni afadhali wabaki na maji yao.

Naomba kuelimishwa na wenye uzoefu. Kabila, hali ya maisha na mila vinaathiri vipi hasa namna watu wanavyookolewa na kusaidiwa? Na je, katika daftari letu tuandike nini na tuache nini?

---

Mwalimu wa Chumbageni:

Ndugu Mjumbe, nianze na uani wako, kwa sababu naona jibu kubwa liko hapo. Mmakonde mwenye chumba cha mbele alilala pakavu, na Mdigo wa vyumba vya uani alilowa. Ukiandika kabila utapata safu iliyojaa majina, lakini haitakuambia nani yuko chini ya usawa wa maji. Kinachokuambia hivyo ni aina ya chumba na kodi inayolipwa. Mji wetu wenyewe ulipangwa kwa rangi na tabaka tangu enzi za Wajerumani na Waingereza, Raskazone kwenye upepo wa bahari wakikaa wakubwa, Ngamiani ng'ambo ya reli wakiwekwa Waafrika, na hata baada ya rangi kuondoka katika sheria, bei ya kiwanja imeendelea kufanya kazi ileile.

Mfano unaotajwa zaidi duniani ni wa New Orleans, Marekani. Kimbunga Katrina kilipiga tarehe 29 Agosti 2005, kingo za mifereji zikabomoka, na takriban asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji. Amri ya kuhama ilikuwa imetolewa siku moja kabla. Lakini amri ile ilimfaa mwenye gari, mwenye fedha ya mafuta na ya nyumba ya wageni, na mwenye ndugu mji mwingine. Makumi ya maelfu ya kaya, nyingi zikiwa za Wamarekani Weusi, hazikuwa na gari. Siku chache baadaye baadhi ya watu waliokuwa wakijaribu kutoka kwa miguu kupitia daraja la mto walizuiwa na askari waliokuwa upande wa pili. Na kuna jambo ambalo husahaulika katika masimulizi hayo: karibu nusu ya waliokufa katika jimbo la Louisiana walikuwa na umri wa miaka 75 au zaidi. Kwa hiyo rangi, umaskini na uzee vilishikana mikono, na mtu aliyekuwa navyo vyote vitatu ndiye aliyekuwa katika hatari kubwa kuliko wote.

Hata hivyo nisingependa tukimbilie kusema kwamba umaskini ndio kila kitu. Julai 1995 joto kali lilipiga Chicago na kuua watu zaidi ya 700 katika muda wa siku chache. Wengi walikuwa wazee waliokaa peke yao, madirisha yamefungwa kwa hofu ya wezi. Lakini watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ambao nao wengi wao walikuwa maskini na ambao walikuwa karibu robo ya wakazi, walikuwa kama asilimia 2 tu ya waliokufa. Watafiti waliolinganisha mitaa miwili inayopakana waliona tofauti katika maisha ya nje: mtaa mmoja ulikuwa na maduka, masoko na watu barabarani mchana kutwa, kwa hiyo mzee alikuwa na mahali pa kwenda na watu wa kumuulizia, mwingine ulikuwa umehamwa, nyumba zimebaki magofu, na mzee alijifungia ndani. Kule New Orleans nako, Wavietnamu wa mashariki ya mji walirudi na kujenga upya mapema kuliko majirani zao wengi, kwa kuwa parokia yao ilijua kila familia imekimbilia wapi na iliwasiliana nao kwa lugha yao.

Hapo ndipo ninapoona mchango wa utamaduni na asili ya mtu: katika nani anamjua nani, na nani atagonga mlango wa nani. Jambo hilo linaweza kuandikwa bila kutaja kabila. Andika: huyu akipotea siku mbili, nani atamtafuta? Asiye na jibu ndiye wa kwanza katika orodha yako.

Kuhusu safu ya kabila, nina hofu ya wazi, na naitoa bila kuficha. Baada ya tetemeko la Kanto, Japani, tarehe 1 Septemba 1923, ulienea uvumi kwamba Wakorea wanatia sumu visimani na kuchoma moto nyumba, na Wakorea wengi wakauawa na makundi ya raia pamoja na askari. Katika hofu na njaa watu hutafuta wa kumlaumu. Sioni sababu ya kamati kuwa na daftari linaloonyesha nani ni nani na analala chumba gani.

---

Mtafiti Kijana:

Mwalimu, nakuheshimu sana, lakini hoja yako ya mwisho inahitaji upande wa pili. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, katika pwani ya Tamil Nadu, India, watu wa tabaka linaloitwa Dalit walibaguliwa katika kambi na katika ugawaji wa misaada, na wengine walizuiwa kuchota maji kwenye matangi ya pamoja. Jambo hilo lilijulikana kwa sababu walikuwepo watu waliouliza waziwazi nani amepata na nani hakupata, kwa kufuata tabaka. Kama kila kaya ingeandikwa tu kuwa kaya, ubaguzi ule ungejificha ndani ya jumla. Wajumbe wawili wa Ndugu Mjumbe hawataki ukabila, wanataka ushahidi. Tukiwanyima safu hiyo, tuwape njia nyingine ya kuthibitisha malalamiko yao, la sivyo tutakuwa tumewanyamazisha kwa jina la umoja.

---

Bi. Muuguzi Mstaafu (Pongwe):

Mwanangu Mjumbe, salamu zako nimezipokea kwa niaba ya wote, na sasa naomba uniruhusu nizungumze kuhusu yule mjane na wale wazee wa darasani, kwa sababu wanaume wakikaa katika vikao vya maafa mambo haya huyapita haraka.

Mwaka 1991 kimbunga kiliua watu wapatao 138,000 nchini Bangladesh, na wanawake waliokufa walikuwa wengi mno kuliko wanaume. Waliochunguza walikuta sababu ambazo hapa pwani hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Wanawake walisubiri ruhusa ya waume ambao hawakuwepo nyumbani. Walisikia habari wakiwa wamechelewa, kwa kuwa tangazo lilitolewa sokoni na barazani penye wanaume. Waliogopa aibu ya kujazana na wanaume wageni katika jengo moja lisilo na choo cha kwao. Walikuwa wamebeba watoto, wengi hawakufundishwa kuogelea, na nguo ndefu ziliwazuia majini. Serikali na watu wa kujitolea wakabadilisha mambo: wakaandikishwa wanawake wa kupita nyumba kwa nyumba kutangazia wanawake wenzao, na majengo ya kujihifadhi yakatengewa vyumba na vyoo vya wanawake. Kimbunga Amphan kilipokuja Mei 2020, zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa, na waliokufa nchini humo walihesabiwa kwa makumi. Wale ni Waislamu na Wahindu wenye stara zao kama sisi, na hawakulazimishwa kuiacha stara ili waokoke. Mpango ndio uliobadilishwa ukaifuata stara.

Kuhusu eda: mjane anayehofia nyumba kumwangukia, au mafuriko, au moto, anaruhusiwa kutoka na kukamilisha eda yake mahali pengine penye usalama. Wanavyuoni wamelieleza jambo hili tangu zamani. Lakini mjane hawezi kulikubali kutoka kwa mjumbe mwenye kaunta buku usiku wa mvua. Mwendeeni shehe wa msikiti wenu kabla ya masika, mumwombe aliseme katika darsa la wanawake na katika hotuba ya Ijumaa, na waambiwe pia wakwe zake, kwa maana mara nyingi wao ndio wanaomzuia. Akishalisikia mapema kutoka kwa mtu anayemwamini, siku ya maji hakutakuwa na ubishi.

Na darasani: tengeni madarasa mawili yenye milango inayofungika, moja la wanawake na watoto wadogo, na funguo akae nazo mwanamke. Choo kiwe na taa. Katika sanduku la akiba wekeni kanga, pedi za hedhi na ndoo yenye kifuniko. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na nakuambia kwamba mwanamke aliye katika siku zake, asiye na kanga ya kubadilisha, atabaki nyumbani kwake hata maji yakimfika kiunoni, wala hatamweleza mjumbe yeyote sababu. Mtasema ni mkaidi.

Msiwasahau pia wenye ulemavu, mama wajawazito, wenye kisukari na wanaomeza dawa kila siku. Hao waandikwe kwa siri, kwa kile wanachohitaji, si kwa jina la ugonjwa.

---

Nahodha wa Sahare:

Wanajukwaa, mimi nitasema la baharini tu.

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinasogelea pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa mapema na mara kwa mara, na boti za Zanzibar zilisimamishwa. Kwa bahati kilipungua nguvu kilipofika karibu na Mafia. Taarifa ilikuwepo; shida ilikuwa nani ameipata. Redioni na katika simu janja ilifika. Katika dago haikufika vizuri. Wavuvi wanaopiga dago hutoka Pemba, Mkinga, Pangani na hata kusini, wanalala vibandani ufukweni kwa miezi kadhaa kufuata samaki, simu zao hazina chaji, na serikali ya mtaa haiwatambui kwa kuwa si wakazi. Mvuvi wa namna hiyo hayumo katika daftari la Ndugu Mjumbe, hata kwa jina la mwenye nyumba, maana hana nyumba. Anayemjua ni katibu wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, pale dikoni panaposhushwa samaki, na tajiri mwenye chombo. Kwa hiyo safu inayokosekana ni hii: mtu huyu hupokea habari kwa nani? Kwa wengine ni balozi, kwa wengine ni imamu au mchungaji, kwa wavuvi ni katibu wa diko.

Kuna na maneno ya tangazo lenyewe. Tangazo husema upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Ni maneno sahihi, lakini mtu wa ngalawa hupima bahari kwa tanga na kwa mwamba: akiambiwa kwamba maji yatavunja juu ya mwamba hata wakati wa bamvua, ataelewa mara moja kwamba siku hiyo hakutoki chombo. Katibu wa diko apewe jukumu la kuligeuza tangazo liwe katika lugha hiyo, na kulipiga kwa mdomo na kwa kipaza sauti cha msikiti.

Nguvu ya maneno ya watu wenyewe imeonekana. Katika kisiwa cha Simeulue, Indonesia, wazee walisimulia katika nyimbo na hadithi habari za wimbi kubwa la mwaka 1907: ardhi ikitikisika sana na bahari ikajivuta, kimbilieni mlimani. Tsunami ya 2004 ilipofika, kisiwa kile kilikuwa karibu mno na chanzo cha tetemeko, na hapakuwa na king'ora wala redio ya kuwaonya, lakini kati ya watu wapatao 78,000 waliokufa walikuwa 7. Ng'ambo ya pili, katika sehemu nyingine za jimbo lilelile la Aceh, walikufa watu zaidi ya laki moja, na hata huku kwetu Dar es Salaam wimbi lile lilipoteza roho za watu waliokuwa wakiogelea.

Na kinyume chake nacho kimeonekana, tena jirani. Tarehe 7 Aprili 2024, katika jimbo la Nampula, Msumbiji, zaidi ya watu 90 walikufa maji katika chombo cha uvuvi kilichojaa kupita kiasi, wengi wao wakiwa wanakimbia uvumi kuhusu kipindupindu. Watu wale hawakuwa wajinga. Serikali ilikuwa mbali nao kwa lugha na kwa huduma, na uvumi uliwafikia kwanza, kwa mdomo wa mtu wanayemjua.

---

Mkazi wa Dunda, Bagamoyo:

Ndugu zangu wa Tanga, huku kwetu maji ya Mto Ruvu yanapopanda hukutanisha mkulima wa mpunga na mfugaji, kwa hiyo neno kabila haliwezi kuepukwa kabisa, hata kama hatuliandiki. Mkulima akiambiwa ahame hufunga mlango akabeba watoto. Mmaasai au Mbarbaig hawezi kuacha ng'ombe, na anapowapandisha kwenye ardhi ya juu anakuta mashamba ya watu. Mwito wa kuhama unageuka kesi ya kulisha mazao. Kisha watu husema kwamba wafugaji hawasikii amri. Lakini mpango haukuwa na mahali pa mifugo. Bangladesh, aliyoitaja Bi. Muuguzi, walijenga vilima vipana vya udongo karibu na vijiji ili mifugo ipande juu maji yakija, kwa sababu waligundua kwamba mtu hatahama akiacha mali yake yote nyuma. Kamati zetu zingeweza angalau kukubaliana kabla ya mvua ni uwanja upi utapokea ng'ombe, njia gani watapita, na nani atalipa mazao yakikanyagwa. Wakubaliane viongozi wa mila wa wafugaji na wazee wa wakulima wakiwa wamekaa pamoja, wala lisiwe agizo linalosomwa kwa upande mmoja.

Jambo la pili ni utani. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara, na Wanyamwezi na watu wa pwani wakajenga utani ambao haukuwa wa kuchekeshana peke yake: mgeni akiugua au kufa ugenini, mtani wake ndiye aliyesimamia. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga, ambako vibarua walitoka kila kona ya nchi, desturi hiyo iliendelea, pamoja na vyama vya kuzikana. Nawasihi msiudharau mfumo huu. Watu ambao Ndugu Mjumbe anawaona hawana kwao mtaani, aghalabu wamo katika chama cha kuzikana, na katibu wa chama anazo namba zao za simu na anajua ndugu zao walipo. Hapo kabila linafanya kazi njema bila kuandikwa na serikali.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na mji wetu, kikazamisha vyombo, kikang'oa mikarafuu ya Unguja na kuharibu vibaya misheni ya Bagamoyo, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1868 na kulea watoto waliokombolewa utumwani. Habari tunazozisoma leo za siku ile zinazungumzia sana karafuu, meli na majengo. Wapagazi na watumwa waliolala katika vibanda vya makuti hawatajwi, wala majina yao hayakuandikwa popote. Nikisoma habari za uani wa Tanga, namwona mpangaji wa leo mahali pale pale.

---

Mjumbe wa Bondeni anajibu:

Nawashukuru nyote, na shikamoo Bi. Muuguzi. Nimeyapeleka maoni yenu kwa mwenyekiti na wajumbe, na tumejadiliana kwa kirefu. Hatutaweka safu ya kabila. Lakini Mtafiti Kijana ametufanya tusiishie hapo, kwa sababu wajumbe wale wawili walisema maneno karibu sawa na yake.

Tulichokubaliana ni kwamba daftari litaandika chumba, si nyumba. Kila chumba kitakuwa na jina la anayelala humo usiku, pamoja na vibanda vya walinzi, na kwa ajili hiyo uandikishaji utafanywa baada ya sala ya isha, wakati kijana wa bodaboda na mama lishe wamerudi na mlinzi ameshika lindo. Kutakuwa na safu ya sehemu ya chumba, mbele au uani. Safu ya mtu anayempa habari, kama alivyoshauri Nahodha. Safu ya lugha anayoielewa vizuri. Safu ya mtu atakayemtafuta akipotea. Na safu ya kinachoweza kumzuia kuondoka, ambayo itajazwa na wajumbe wawili wanawake na kuhifadhiwa kwao. Misaada itapokewa na mwenye chumba mwenyewe kwa sahihi au dole gumba.

Kuhusu ushahidi wa upendeleo: siku ya tatu baada ya kila ugawaji, watu watatu wasiokuwa wa kamati, mmoja akiwa kiongozi wa chama cha kuzikana cha watu waliotoka bara, watapita vyumba vya uani na kuuliza nani amepata. Majibu yatasomwa katika mkutano wa hadhara wa mtaa. Mjumbe mmoja bado hajaridhika. Anasema mwenye nyumba anaweza kumfukuza mpangaji aliyelalamika, na kwa kweli hatujampa jibu la kutosha. Kama kuna mtaa ambao umeweza kumlinda mpangaji wa namna hiyo, iwe kwa makubaliano na wenye nyumba au kupitia baraza la kata, naomba mtueleze ilifanyika vipi, kwa maana uandikishaji unaanza kabla ya masika.

---

Bi. Muuguzi Mstaafu (Pongwe):

Mwanangu, la mpangaji nitaliulizia kwa mwanasheria wa msaada wa kisheria ninayemfahamu, nami nitaleta majibu yake hapa. La shehe usilisubirie kikao kingine. Mfuate kesho baada ya alasiri ukiwa na mmoja wa wale wajumbe wanawake, na mkitoka hapo mpitie kwa mwalimu mkuu kuulizia funguo za yale madarasa mawili.